Sifa za Kiroba cha Mchanga

Ndege ya vita ya Spitfire haihitaji sifa zangu. Imekwisha kusifiwa na marubani, na filamu, na makumbusho, na kampuni nyingi zilizowahi kumimina plastiki ndani ya kalibu zimeitoa kwa umbo hili au lile. Kifaru cha Tiger nacho hakina shida ya wapambe, wala meli ya Bismarck, wala Ferrari nyekundu. Mwenye cheo hakosi wa kumpigia zumari. Mimi nasimama upande wa wengine: viroba vya mchanga, chupa tupu, trekta la shamba, gilotini, ndege iliyofutwa kabla ya kumbeba abiria wa kulipa nauli, na kikombe cha tambi. Vyote hivi vimewahi kuuzwa ndani ya maboksi, vikiwa vipande vya plastiki vinavyosubiri gundi na rangi, na vyote vina mahali pake katika makabati ya wapenzi wa modeli, kwa kawaida kwenye rafu ya chini, nyuma ya kitu kingine. Nadai kwamba rafu hiyo ndiyo yenye heshima kuliko zote kabatini, na nadai hivyo nikiwa na akili zangu timamu.

Kazi ya modeli ni usahihi. Kitu kikubwa hupunguzwa mara 72 au 48 au 35, na kila ribiti, kila mkunjo na kila bawaba hupimwa upya ili isipotee njiani. Usahihi wa namna hiyo ni heshima, na heshima huhukumiwa kwa kuangalia anayepewa. Ukimpa mkubwa ambaye dunia nzima imeshamwinamia, umejipendekeza. Ukimpa mnyonge asiyeweza kukulipa kwa lolote, umetenda haki. Chukua Tamiya, kampuni ya Shizuoka nchini Japani. Katika orodha yake ya skeli ya 1:35, pamoja na vifaru vya kila jeshi, kuna boksi la viroba vya mchanga, jingine la ukuta wa matofali, na jingine la jerikani za chuma, mababu wa zile jerikani za plastiki ambazo nusu ya Afrika Mashariki hutekea maji. Fikiria kilichotangulia boksi la viroba. Fundi wa kalibu, mtu ambaye kazi yake inadai vipimo vya sehemu ndogo kabisa za milimita, ilimbidi atafakari jinsi gunia lililojaa mchanga linavyolegea linapolaliwa na jenzake, mshono unapita wapi, na mdomo uliofungwa huangukia upande gani. Hakuna mtoto aliyewahi kulala akaota kiroba. Fundi alilijua hilo, na bado alikitendea kiroba kama alivyoitendea mizinga. MiniArt ya Kyiv imekwenda mbali zaidi: inauza chupa za mvinyo pamoja na kreti zake za mbao, madebe ya maziwa, na taa za barabarani. Chupa ya sentimita 30 katika skeli hiyo haifiki hata milimita 9, na mnunuzi anatarajiwa kuibandika lebo. Mtu anayebandika lebo kwenye chupa kama hiyo hatafuti makofi ya jirani.

Anayemsifu mtu kwa utaratibu huanza na nasaba, na katika nasaba wateja wangu wana la kuwaaibisha wakubwa. Airfix, kampuni ambayo jina lake na Spitfire ni chanda na pete katika kumbukumbu za Waingereza, ilianzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mhamiaji kutoka Hungaria. Haikuanza na ndege. Ilianza na vitu vya kuchezea vya mpira vinavyojazwa upepo, kisha ikala kwa jasho la vitana vya kuchania nywele. Mwaka 1949 kampuni ya Ferguson iliagiza kitrekta cha plastiki, mfano wa TE20 yake, cha kuwapa mawakala wa mauzo. Kukiunganisha kiwandani kulikuwa tabu tupu, na baadaye kikauzwa kikiwa vipande, mnunuzi ajiunganishie mwenyewe. Meli ya Golden Hind ilifuata mwaka 1952, na Spitfire ikaja mwaka 1953. Basi trekta ndilo babu, na shujaa wa angani ni mjukuu aliyesahau shamba. Hata hiyo skeli ya 1:35, ambayo watu wazima huibishania kwa uzito wa wanasheria, haina ukoo wa kujivunia. Tamiya ilipotengeneza kifaru chake cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitaka kiende kwa mota, na ukubwa wake ukapangwa ili mota na betri zienee ndani. Kilipopimwa kikaonekana kimekaribia 1:35. Wapenzi wa vifaru duniani kote wanaishi ndani ya kipimo kilichoamuliwa na betri.

Nasaba peke yake haitoshi; mtu hutazamwa na matendo pia. Hapa namwita shahidi wangu mkuu, Fairey Rotodyne. Ilikuwa ndege ya Kiingereza, nusu helikopta, nusu ndege ya kawaida: ilipaa wima kwa panga kubwa la juu lililosukumwa na jeti ndogo kwenye ncha zake, kisha ikasonga mbele kwa injini mbili za mabawani. Iliruka mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1957. Ilikusudiwa kubeba abiria wapatao 40 kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji mwingine bila kuhitaji kiwanja kirefu, na Januari 1959 iliweka rekodi ya kasi ya aina yake, takriban kilomita 307 kwa saa. Kilichoiangusha ni kelele za zile jeti, na pamoja na kelele, mashirika ya ndege ambayo yalitamka mengi na kuagiza machache. Mwaka 1962 mradi ulifutwa. Ndege yenyewe, moja tu iliyokamilika, ilikatwakatwa, na mabaki yake machache yako kwenye makumbusho ya helikopta huko Weston-super-Mare. Lakini Airfix ilikuwa imeshatoa modeli yake ya 1:72 mwaka 1959, wakati matumaini bado yako hai, na kalibu ya chuma haikusikia habari za kufutwa kwa mradi. Ilihifadhiwa, ikatolewa tena, na tena. Hebu sasa tulinganishe. Anayetaka kuiona Spitfire nzima anaweza kwenda makumbusho kadhaa, na akibahatika ataisikia ikinguruma juu ya kichwa chake. Spitfire ya plastiki ni nakala ya kitu kilichopo. Rotodyne ya plastiki ni mwili mzima uliobaki badala ya mwili uliochinjwa. Ni yupi kati ya hawa wawili anayestahili kukaa mbele kabatini? Historia ina tabia ya kuwatunza washindi tu, na kalibu iliyowekwa ghalani ikafanya kazi ya kuweka kumbukumbu ambayo serikali haikuifanya.

Najua watakaoniambia: kiroba sawa, ndege iliyokufa sawa, lakini utaitetea na gilotini? Naam, naitetea. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Aurora ya New York, ambayo ilikuwa imeshapata fedha nzuri kwa modeli za Frankenstein na Dracula, ilitoa gilotini inayofanya kazi: kisu kinashuka, kichwa cha plastiki kinatoka, na mchezo unaweza kurudiwa hadi usiku. Ni kitu cha kuchukiza, bila shaka. Lakini rafu ya juu imejaa nini? Ndege ya B-29 iliyoangusha bomu la atomiki Hiroshima inauzwa kwenye boksi, yenye jina lake kwenye stika, na mtu anaweza kuimalizia kwa rangi ya fedha iliyong'aa bila kuulizwa swali na yeyote. Chini yake hakuna mji. Katika modeli za vita aliyekufa huachwa nje ya boksi, kwa sababu hakuna stika inayomtosha. Gilotini ya Aurora ina angalau uungwana wa kumleta anayeuawa pamoja na chombo kinachomuua. Sitakwenda mbali zaidi ya hapo. Mwaka 1971 Aurora ilitoa mfululizo wa vyumba vya mateso, wenye daktari mwovu na msichana aliyeitwa waziwazi mhanga, na wazazi wakaandamana. Kampuni ilikuwa imeingia mikononi mwa Nabisco, watengenezaji wa biskuti, na watu wa biskuti hawakuwa tayari kufa kwa ajili ya mashine za kutesea. Mfululizo ukaondolewa. Waandamanaji walikuwa na haki. Hata wakili wa rafu ya chini ana wateja anaowakataa.

Wengine husema modeli za ajabu ni uongo: hazifuati kitu cha kweli. Hoja hii ingekuwa na nguvu zaidi kama wakubwa wenyewe hawangetishwa nazo. Mwaka 1961 Admirali Hyman Rickover wa jeshi la majini la Marekani alilalamika kwamba modeli ya nyambizi ya kampuni ya Revell, inayouzwa dola 2.98, imewafunulia Wasovieti siri za nyambizi za makombora ya Polaris. Robo karne baadaye, mwaka 1986, kampuni ya Testors ilitoa modeli ya F-19, ndege isiyoonekana kwa rada ambayo serikali ilikuwa haijakiri kuwa nayo. Ilinunuliwa kwa wingi mno, na Bunge la Marekani likauliza imewezekanaje watoto wawe na ndege ambayo wabunge hawaruhusiwi kuiona. Ndege ya kweli, F-117, ilipoonyeshwa Novemba 1988, ilikuwa na pande bapa na kona kali. Ile ya Testors ilikuwa laini na ya mviringo kama kijiwe cha mtoni. Modeli ilikosea karibu kila kitu isipokuwa jambo moja: kwamba serikali inaficha ndege. Na pale modeli isipokuwa na asili kabisa, ulimwengu umewahi kukubali kujirekebisha. Red Baron, gari la mzaha lenye paa la kofia ya chuma ya Kijerumani, lilibuniwa na Tom Daniel na kuuzwa na kampuni ya Monogram mwaka 1968 likiwa plastiki tu. Likapendwa hata mafundi wakalijenga kwa ukubwa wa kweli. Mtoto alimzaa mama, na mama akaja na injini.

Limebaki lalamiko la upotevu, na wanaolitoa huchagua mfano wao vizuri. Mwaka 2020 kampuni ya Bandai ilitoa modeli ya Cup Noodle kwa skeli ya 1:1, yaani isiyopunguzwa hata kidogo: kikombe, kifuniko, kamba wa baharini, yai, nyama, na tambi zenyewe zilizoshikana juu na kuachana chini, zikiwa zimening'inia katikati ya kikombe kama zinavyokaa kwenye kikombe halisi ili zisivunjike na ili maji ya moto yapande vizuri. Haihitaji gundi wala rangi. Bei yake ingekununulia vikombe kadhaa vya kweli, na kimoja kati ya hivyo kingekushibisha. Upumbavu, wanasema. Lakini swali la matumizi likiulizwa kabatini, liulizwe kwa wote. Hakuna aliyewahi kupanda Tiger ya plastiki kwenda kazini. Kikombe halisi hutupwa mara tu mlaji anapojifuta mdomo, na kile cha Bandai kimeundwa kisitupwe. Kisha kuna lile rundo la maboksi ambalo kila mkusanyaji analo, yaliyonunuliwa kwa shauku na hayatafunguliwa. Boksi la Spitfire lisilofunguliwa humsuta mwenyewe kila anapolipita. Boksi la tambi halimdai mtu kitu. Zaidi ya hayo, anayeunganisha tambi hizo hujifunza kwa vidole ubunifu uliofichwa ndani ya chakula cha bei rahisi, jambo ambalo mlaji wa haraka hajawahi kusimama kulitazama.

Lakini sitaki rafu ya chini ibweteke, kwa hiyo naongeza ombi moja kwa watengenezaji. Kifaru cha Sherman kinapatikana madukani kwa kila toleo, kila kiwanda, kila aina ya mnyororo. Ninachokitaka mimi ni Shervick. Baada ya Vita vya Pili, Waingereza walipania kuilimisha Tanganyika karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, na matrekta yakawa adimu. Vickers wakachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, wakaving'oa mizinga na silaha, wakavigeuza matrekta. Mizizi na udongo wa Kongwa, unaokuwa mgumu kama saruji mvua zinapokatika, havikujali ni nani aliyeshinda vita Ulaya. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Kifaru kilichoacha jeshi kikashindwa na shamba kina haki zote za kuingia katika skeli ya 1:35. Boksi lije na dereva aliyeshuka kutazama kilichokwama, na visiki, na mnyororo wa akiba uliokatika, na pipa la mafuta, na ofisa mwenye kaptula na ramani. Karanga moja pamoja na ganda lake, katika skeli hiyo, ni kama milimita moja tu, kwa hiyo kalibu yake itakuwa kazi ya fundi hodari. Lakini zisitiwe nyingi kwenye boksi, maana usahihi ni usahihi.