Kabla na Baada

Shemeji hakunisalimu. Amenitumia picha, na chini yake swali moja: "Hii si mashine yako?"

Picha hiyo fundi wa kompyuta yangu aliiweka jana usiku kwenye stetasi yake ya WhatsApp, akaigawa katikati. Kulia kaandika BAADA, na hapo kuna feni nyeusi inayong'aa. Kushoto kaandika KABLA, na hapo kuna kibano kimeshika bamba la vumbi la kijivu, nene, lenye uzi mwekundu wa kanga uliojisokota humo humo. Pembeni kabisa, ambako mwenye huruma angekata picha, inaonekana stika ya kwaya yetu. Maneno ya fundi: "Wateja, muwe mnatuonea huruma." Aliyenielekeza kwa fundi huyo ni shemeji mwenyewe, kwa hiyo namba anayo, na ukoo mzima nao unayo.

Kariakoo si mahali pa kufungulia siri. Kwa fundi ni chumba cha ghorofani, mafundi wanagawana meza, wateja wamesimama nyuma yao wakipepewa na feni moja. Kijana alinipokea vizuri. "Shikamoo mzee, ina shida gani?" Nikamweleza: inaunguruma, inachoma, na nikifungua barua pepe inasinzia. Akaigeuza, akabandua vile vimiguu vya mpira ambavyo mimi nilijua vimewekwa kuzuia mashine isiteleze. Chini ya kila kimoja palikuwa na skrubu. Akapitisha kadi ya plastiki ukingoni, tak, tak, tak, kifuniko kikaachia.

Akanyamaza. Kisha akaita, "Oya, njooni mwone."

Wakaja. Na waliokuwa wakisubiri simu zao wakaja. Mama mmoja ambaye shida yake ilikuwa chaja tu aliinama, akatazama ndani, akanitazama mimi, akauliza kwa upole, "Baba, kwani unaishi na nani?"

Mende alikuwepo. Namtaja mwenyewe kwa sababu pichani hayumo, na kwa staha hiyo namshukuru fundi. Alikuwa mmoja wa wale wadogo wa kahawia wanaoitwa wa Kijerumani, wapendao joto la vifaa vya umeme, amekauka, na jirani yake kifuko cha mayai. Kifuko kimoja hubeba mayai 30 hadi 40. Fundi alikigusa kwa ncha ya kibano. "Mzee, hawa kodi walikuwa wanalipa?"

Aibu ingeniua pale pale kama nisingeliona bomba.

Vumbi lenyewe mambo yake ni rahisi. Feni huvuta hewa kupitia matundu ya chini na kuisukuma kwenye mapezi membamba ya chuma, nayo hutokea ubavuni ikiwa na joto lake. Nyuzi za nguo hunasa kwanza kwenye mapezi, vumbi hunasa kwenye nyuzi, mpaka njia yote inaziba. Prosesa ikikaribia nyuzijoto 100 hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua, ndiyo maana ya kusinzia. Lakini kati ya prosesa na mapezi kuna bomba la shaba, bapa, limepinda kiunoni. Nilidhani ni shaba tupu. Kumbe ndani mna maji.

Ni matone machache tu. Kiwandani hewa hunyonywa yote, yanabaki maji, bomba linazibwa. Na maji yasiyokandamizwa na hewa hayahitaji moto mwingi ili yachemke. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, hewa ni hafifu hata maji huchemka kwenye nyuzijoto 80 hivi, na anayetaka kupika maharage kule ajiandae kusubiri. Ndani ya bomba hewa haipo kabisa, basi hata uvuguvugu unatosha. Upande wa prosesa maji hugeuka mvuke. Mvuke hukimbilia upande wa mapezi, hutua joto, hugeuka maji tena. Kurudi sasa: kuta za ndani zimepakwa unga wa shaba uliookwa mpaka ukashikana, na maji hupenya humo kama mafuta ya taa katika utambi wa koroboi. Yanarudi hata ukiinamisha mashine. Hakuna pampu wala umeme. George Grover aliitengeneza mbinu hii Los Alamos, Marekani, mwaka 1963, akikusudia vyombo vya anga za juu, na leo imelala chini ya kibodi yangu. Miaka yote nimewafokea watoto wasisogeze glasi ya maji karibu na mashine ambayo ina maji yake.

Nilimwomba fundi anipasulie bomba moja bovu nione. Akasema bovu hana, hayaharibiki kirahisi. Akafuta pesti iliyokauka juu ya prosesa, akaweka mpya, akapiga picha zake.

Hasira ilinijia ngazini. Bodaboda ya mkopo ina chujio la hewa. Mwenye nayo hulichomoa, akalikung'uta, akaendelea na abiria. Mashine yangu ya bei ya bodaboda iliyotumika haina hata kipande cha kitambaa. Wanatuuzia kitu cha kuweka mapajani, halafu matundu ya kuvutia hewa wameyaweka chini, penye mapaja. Skrubu wamezificha chini ya mipira ya gundi. Kijitabu chao kinashauri itumike mahali penye hewa safi. Desemba, Dar es Salaam, umeme umekatika, dirisha liko wazi, bajaji zinatimua vumbi la mtaani: waje wanionyeshe mahali hapo. Aliyechora kitu hiki alikuwa katika chumba chenye kiyoyozi, na sisi tusio nacho tunawekwa kwenye stetasi.

Mashine ya binti yangu ilipelekwa kwa fundi pancha, ikapulizwa kwa kompresa. Feni ilipiga filimbi ya ajabu na haijazunguka tena.

Ya mhasibu wetu ilimwagikiwa chai ya maziwa, akaianika juani, na sasa ripoti zote zina A mbili mbili.

Jirani alinunua mpya, nyembamba, betri imegundishwa, ramu imechomelewa, skrubu za pembe tano ambazo bisibisi zake hapo mezani hazikuwepo. Fundi aliigeuza mara kadhaa, akamrudishia. Jirani akauliza sasa aitunzeje.

"Dada, usiiwashe penye hewa."