Simu Iliyonipa Kazi ya Serikali

Ishiara, huku kwetu Mbeere, haina gazeti lake, na sioni lingeuza nini. Habari zote za mji ziko ukutani. Ukishuka matatu kutoka Ena, kabla hujanyoosha miguu utakuwa umeshasoma kwamba kukojoa hapa ni marufuku na faini yake ni kubwa kuliko bei ya mbuzi, kwamba Bwana Mkopo alifariki na mazishi yamekwisha, na kwamba kinyozi amehamia nyuma ya kinu cha unga lakini bei ni ile ile.

Mimi hukusanya mambo haya kwa kamera ya simu. Ninayo picha ya fundi mmoja ambaye kwenye ubao mmoja anatangaza kushona viatu, kurekebisha simu na kuuza mbegu za ndengu, na chini kabisa akaongeza kuwa kuku wa kienyeji wapo. Ninayo ya ubao uliopigiliwa kwenye mwembe, "Shamba hili haliuzwi", na chini yake, kwa rangi na mwandiko tofauti, nambari ya simu ya kupiga ukitaka kununua. Ninayo ya mbuzi aliyepakiwa kwenye boda boda katikati ya dereva na abiria, mwili ndani ya gunia, kichwa nje. Kati ya wale watatu, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akitazama barabara.

Mavuno ya juzi yametokana na uchaguzi mdogo wa Mbeere North wa tarehe 27 Novemba 2025. Wagombea walipomaliza kazi yao, mabango yao yalianza nyingine. Wengine wanaziba mianya ya vibanda, wengine wanafunika nyanya jua likichachamaa. Mmoja, ambaye jina lake limeshachunwa na kuku, sasa ni mlango wa banda. Wamempasua katikati ya tabasamu, na jioni kuku wanaingilia mdomoni mmoja mmoja. Sijaona ahadi ya kampeni iliyotimizwa kwa uaminifu kiasi hicho.

Tabu ni kwamba hapa Ishiara hakuna anayeamini kuwa mtu mzima, mwenye ndevu, anaweza kupiga picha ya ubao kwa sababu tu ubao umemchekesha. Lazima ametumwa. Wanachobishania ni ametumwa na nani, na kila muuzaji ana jibu lake.

Anza na muguka. Haya majani ya kutafuna ndiyo karo ya shule, ndiyo paa la mabati, ndiyo mahari ya nusu ya vijana wa Mbeere. Nilimkuta mama mmoja amepanga mafungu yake juu ya gunia, na kando yake ameegemeza kipande cha katoni kilichoandikwa: "Muguka freshi. Ukitafuna hapa usiniongeleshe." Nikainua simu. Mama akatupa khanga juu ya bidhaa yote kwa kasi ya kipa anayedaka penalti.

"Wewe umetumwa na Mombasa," alisema.

Nikamwambia, hapana mama, mimi ni wa hapa hapa, nyumbani ni huko juu Kanyuambora. Hakutikisika. Na kwa haki, alikuwa na sababu. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka katika kaunti yake, Kilifi ikafuata, na Taita Taveta nayo haikubaki nyuma. Huku Mbeere watu walipokea habari hiyo kama watu wa Kisumu wangepokea tangazo kwamba samaki ni haramu. Kesi ikaenda mahakamani Embu. Rais naye akasema marufuku hayo hayana nguvu, kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa. Mama wa katoni aliifuatilia habari hiyo hatua kwa hatua kwenye redio, na tangu siku hizo anamngoja mjumbe wa pwani aje kuchukua ushahidi. Nilipotokea na simu, alimwona mjumbe.

"Waambie," akasema, "kwamba bahari ni yao, lakini sisi hatujawakataza kuogelea."

Ilinibidi kununua fungu moja ndipo anisamehe. Sitafuni muguka. Fungu lile nilimpa dereva wa boda boda aliyekuwa karibu, naye hadi leo ananiita mheshimiwa.

Meza mbili mbele ya hapo nikageuka kuwa afisa wa NEMA, ile mamlaka ya mazingira. Muuza ndengu alikuwa ameweka mizani, na badala ya jiwe la kupimia alikuwa na betri ya gari kuukuu yenye maandishi ya chaki: "Hii ni kilo mbili, usibishe." Picha kama hiyo huipati kila siku. Lakini kabla sijabonyeza, mkono wake ulishuka chini ya meza na kitu kikaanza kuchakarika. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake inaweza kufika shilingi milioni nne, yaani ndengu za wilaya nzima. Mimi nilitaka betri. Yeye aliona nataka mifuko. Tukakodoleana macho juu ya mizani, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa sababu isiyo sahihi, kisha akanipimia gorogoro moja bila malipo na kusema, kwa sauti ya chini, "Afisa, hata sisi tuna watoto." Niliposisitiza kulipa, hofu yake ikazidi. Afisa anayelipa? Hiyo ni mitego mipya.

Kufika saa sita mchana simu ilikuwa imepata moto ikagoma, maana jua la Ishiara halina mchezo na vyombo vya kuchaji. Nikaiweka kivulini kando ya ukuta wa duka moja lenye alama kubwa ya X nyekundu. Alama hiyo Wakenya wote wanaijua: jengo liko ndani ya eneo la barabara, siku yoyote tingatinga litabisha hodi. Mwenye duka hili, mtu wa akili, ameifanya X hiyo kuwa herufi ya kwanza ya jina la biashara, na ubao wake sasa unasomeka "Xtra Hardware". Simu ilipopoa nikapiga picha ukuta. Mzee akatoka ndani na futi ya seremala mkononi.

"Kwani mmeongeza mita ngapi?" akauliza.

Nilimwambia, mzee wangu, mimi si wa barabara, napenda tu ubao wako. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayedai haumwi, akapima mwenyewe kutoka katikati ya lami hadi ukutani, akaniandikia vipimo kwenye karatasi ya misumari na kunisihi niwasilishe.

Haikuwa hivi zamani, au angalau haikuwa hivi kwa mpiga picha. Miaka ya 1990, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha walikuwa na vibanda vyao vilivyopambwa maua ya plastiki, mapazia na mandhari za kuchora, na watu walipanga foleni kulipa ili wapigwe. Msafiri aliyekuwa hana hata nauli ya kurudi bara aliondoka na picha amesimama mbele ya meli au ndege. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, studio iitwayo Gulu Real Art Studio ilikuwa na hila nzuri zaidi. Mteja alitaka picha ndogo ya hati, lakini kuchapa picha moja kubwa na kukata uso kulikuwa rahisi kuliko kuchapa zile ndogo nne. Kwa hiyo mteja aliondoka na uso wake, studio ikabaki na kilichosalia: miguu, mikono magotini, gauni la Jumapili, na mahali pa kichwa dirisha jeupe. Mpiga picha wa Italia, Martina Bacigalupo, aliyaokota mabaki hayo na mwaka 2013 yakawa kitabu. Ukiyaangalia kwa makini utaona koti moja likizunguka kutoka mtu hadi mtu, kwa kuwa lilikuwa la studio. Hakuna aliyemuuliza mwenye studio ametumwa na nani. Ilijulikana: umejituma mwenyewe, na umelipa.

Kilichoharibu mambo ni kuitia kamera ndani ya simu. Mfaransa mmoja anayeishi Marekani, Philippe Kahn, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kutuma picha kwa simu ya mkononi, tarehe 11 Juni 1997, akiwa hospitalini mkewe amejifungua binti. Aliiunganisha kamera na simu kwa waya akiwa anasubiri mtoto, jambo ambalo akina mama wa Ishiara nilipowasimulia walisema linaonyesha wazi kwamba baba hana kazi wodini. Tangu hapo kila aliye na simu anaweza kukupiga, na usijue picha imelala wapi usiku huo.

Na sheria nazo zimefika kijijini, zikiwa zimepanda boda. Yule kijana wa mbuzi aliye katikati, nilipomwonyesha picha yake kwa furaha, aliiangalia kwa muda, akazima pikipiki na kuniuliza kama nilisikia habari ya klabu ya Nairobi. Nilisikia. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, chini ya sheria ya mwaka 2019.

"Sasa," akasema kijana, "hapa tuko watatu."

"Mbuzi si mtu," nikamwambia.

"Mbuzi ana mwenyewe."

Tukaelewana kwa soda mbili na maji ya mbuzi. Ninapendekeza utaratibu huo kwa kamishna. Ni wa haraka na hauhitaji wakili.

Hadi hapo nilidhani mwisho wa kisa ni kufukuzwa sokoni. Kumbe mji ulikuwa unanijadili, na ulishafikia uamuzi. Kwa kuwa haikubainika natoka ofisi gani, ilikubalika kwamba natoka zote. Wiki iliyofuata nilikuta watu wananingoja. Mama mmoja alinishika mkono hadi kwenye bomba lililokauka tangu mvua zilizopita, akasimama kando yake amejitanda vizuri na kuniamuru nipige "pande zote mbili". Vijana wakanipeleka kwenye shimo barabarani na mmoja akaingia ndani ili gavana aone kina. Akafika kiunoni, akatabasamu. Mzee mwingine alitaka nipige ua wa jirani yake, ambao anadai hutembea usiku. Niliupiga. Kweli umekaa kimatembezi.

Picha zangu za kuchekesha zikawa zimefunikwa na malalamiko. Simu ikaanza kuniambia nafasi imejaa. Nikalazimika kuchagua kufuta kati ya bomba la mama na mgombea aliye mlango wa kuku, na niliona haya kwamba nilifikiria kwa muda mrefu.

Kisha ikaja kesi ya mbuzi. Si yule wa boda boda. Huyu ni beberu mweupe mwenye doa jeusi jichoni, niliyempiga sokoni kichwa chote kikiwa ndani ya gunia la ndengu la mtu, masikio tu yakionekana. Picha tamu sana. Niliwaonyesha watu watatu, na kwa Ishiara hiyo ni sawa na kuitangaza redioni. Mwenye gunia akaipata habari, akamshitaki mwenye mbuzi kwa wazee, na mimi nikaitwa na simu yangu.

Tuliketi chini ya mgunga. Simu ikapitishwa kutoka mkono hadi mkono. Mshitakiwa akasema hayo ni masikio, na masikio ya mbuzi wote ni ndugu. Mshitaki akaomba picha ikuzwe. Ikakuzwa hadi mbuzi akawa ukungu. Ndipo kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne akaomba kuangalia tarehe. Sasa, simu yangu betri ikiisha kabisa husahau dunia. Ikiwaka, inaanza upya. Picha ilionyesha tarehe 1 Januari 2015.

Mwenye mbuzi akasimama. Akauliza, kwa heshima kubwa, kama kuna mzee yeyote hapa anayeweza kuapa kwamba beberu wa miaka miwili aliiba ndengu mwaka 2015.

Wazee walinong'onezana kwa muda. Mmoja alipendekeza kwamba huenda ni babu yake, na kwamba tabia ya wizi wa ndengu inajulikana katika ukoo huo. Mwingine akataka simu yenyewe ndiyo ihojiwe. Mshitaki akaniangalia mimi, kana kwamba nilimuuza. Mwishowe mwenyekiti akasema shauri haliwezi kukatwa kwa ushahidi wa kabla ya mbuzi kuzaliwa, wala haliwezi kufutwa maana masikio yameonekana.

Shauri limeahirishwa hadi ndengu za msimu huu zivunwe. Mwenye mbuzi ameagizwa amlete mbuzi, na mimi nimeagizwa nilete simu iliyojaa chaji.