Shangazi Granaiti: Jiwe Limekaa, Mashine Zimegoma

Wapenzi wasomaji, zamani mliniandikia kuhusu mawifi na mahari. Siku hizi mnaniandikia kuhusu kaunta, nami nashukuru, maana jiwe angalau halibadilishi kauli. Barua zimekuwa nyingi, kwa hiyo salamu tutapeana siku nyingine.

*Shangazi, nimejenga jiko la kuwafunga mdomo mawifi. Kaunta ya granaiti nyeusi, ukingo wa sentimita 6, unaonekana tangu sebuleni. Mashine ya kufulia iliingizwa mahali pake kwanza, ndipo mafundi wakalaza jiwe. Sasa mashine imegoma kuzunguka. Fundi kaja, kaivuta, ikagota kwenye ukingo. Haitoki. Ndiyo nimeifunga maisha?* — Askari Jela, Mbezi Beach

Mwanangu, tupige hesabu. Mashine nyingi za kufulia zenye mlango wa mbele zina kimo cha sentimita 85. Kabati lako, nabashiri, lina 88 pamoja na kitako chake, juu yake jiwe la sentimita 2, jumla 90, kipimo ambacho maseremala wengi hawakihoji. Hadi hapo mashine ina sentimita 3 za kupumulia. Lakini ukingo wako si unene wa jiwe. Ni kipande kilichogundishwa mbele, kikashuka sentimita 4 chini ya usawa wa kabati. Kutoka sakafuni hadi kwenye mdomo wa jiwe zimebaki 84. Mashine imekaa raha mustarehe kule ndani, ila njia ya kutokea ni fupi kuliko yenyewe kwa sentimita moja. Yule aliyelaza jiwe huku mashine iko ndani hakukukosea adabu, alifanya ulichomwambia.

Anza na miguu. Kama iliinuliwa ili mashine ikae sawa kwenye pima maji, ikizungushwa kushuka huenda ukapata milimita kadhaa. Kisha uliza kuhusu mfuniko wa juu. Mashine nyingi zinavuliwa mfuniko zikapungua kama sentimita 3, na hizo zingekutosha kabisa. Tatizo ni kwamba skrubu za mfuniko huwa mgongoni, upande wa ukuta, kwa hiyo seremala atalazimika kufungua ubavu wa kabati la jirani ili mkono upite. Hilo nalo likishindikana, fundi wa mawe akate ukingo juu ya mashine tu, upana wa sentimita 62 hivi, abakize zile 2 za jiwe lenyewe, halafu apige polishi pale alipokata. Pengo litaonekana. Mawifi wakiuliza, sema ndivyo ulivyotaka.

Anayejenga sasa asome hapa mara mbili. Ukitaka ukingo mnene, jiwe zima linyanyuliwe kwa vipande vya plaiwudi juu ya kabati, ili mdomo wa ukingo uishie pale kabati linapoanzia. Usipofanya hivyo, droo za juu nazo zitagonga jiwe kila ukizivuta, na utagundua siku ya kwanza unayotafuta kijiko. Lakini kunyanyua nako kuna gharama yake. Mashine ya 85, nafasi ya 1 ya kuipitisha, ukingo wa 6: kaunta yako sasa iko 92. Weka jiko juu yake, weka sufuria juu ya jiko, kisha songa ugali wa watu wanane. Ugali unasongwa kwa uzito wa mwili, na pale juu utabaki kusonga kwa mabega peke yake. Mimi ni mfupi na nina msimamo: ukingo wa 4. Mashine 85, nafasi 1, jiwe 4, jumla 90, na kila mtu anatoka akitaka.

*Shangazi, mke wangu ameona kwenye simu kaunta yenye ukingo wa sentimita 8. Naogopa uzito. Kabati zitahimili kweli?* — Baba Mwenye Hofu, Tanga

Baba, hofu yako ni ya kweli, ila umeielekeza pasipo pake. Hakuna anayekuuzia jiwe la unene wa 8. Ungelazimika kuwalipa wabebaji kama wa msiba: kaunta ya mita 3 kwa sentimita 60, ikiwa nene kweli kiasi hicho, ingekuwa na karibu kilo 390. Anachokiona mama ni bamba la sentimita 2, kilo 97 hivi, lililokatwa mshazari nyuzi 45 mbele, likaunganishwa na kipande kingine kilichokatwa vivyo hivyo. Gundi ikiwa ya rangi sawa na jiwe, hata jicho la mama mkwe halioni maungio. Ukingo wote unaongeza kama kilo 10. Kabati za plaiwudi nzuri zitabeba. Mwulize mama swali moja tu: chini ya hiyo kaunta kutakaa nini? Akijibu “kabati tupu”, mpe sentimita zake 8. Akitaja mashine yoyote, mrudishe kwa Askari Jela hapo juu.

*Shangazi, jiko langu la gesi la kuzamisha lilikaa vizuri wiki chache, kisha ufa ukaanza kwenye kona ya tundu na sasa unakaribia ukingo. Fundi anasema ni moto wa jiko. Mimi nasema ni fundi.* — Mwenye Hasira, Kileleshwa

Uko karibu na ukweli kuliko yeye. Granaiti haipasuki kwa ajili ya chungu cha maharage. Tazama kona za lile tundu kwa chini. Kama ni kali za pembe mraba, na kama kisahani cha greinda kilipitiliza kikaacha mchirizi nje ya kona, hapo ndipo ufa ulipozaliwa. Nguvu zote zinazolibana jiwe hukimbilia kwenye kona kali. Kazi safi huanza kwa kutoboa kona nne kwa kekee ya almasi, zikawa duara, kisha kukata kati ya tundu na tundu bila kuvuka.

Halafu kuna wembamba wa jiwe kando ya tundu. Jiko la upana wa 60 mara nyingi linataka tundu la 56 kwa 49 au karibu na hapo, na kaunta ina kina cha 60. Zinabaki sentimita 11 za kugawana mbele na nyuma. Mbele hapo hapo ndipo ukingo mnene ulipogundishiwa ukanda wake wa chini, na sanduku la jiko nalo linataka kupita. Fundi akikuta ukanda unazuia, anaugonga hadi jiko liingie. Ule mgongo mwembamba ukibebwa ukiwa umelala badala ya kusimamishwa kwa ubavu, unaweza kuvunjika kabla haujafika mlangoni kwako. Jaza ufa kwa epoksi yenye rangi ya jiwe na utie bamba la chuma kwa chini. Hautatoweka, ila utaacha kutembea. Hasira baki nayo hadi utakapolipa salio.

*Shangazi, niko Minneapolis. Mashine ya kuosha vyombo kila nikiifungua na kuvuta kapu la chini inainama mbele kama inatafuta sarafu iliyoanguka. Kaunta ni mpya, ya jiwe.* — Mgeni wa Theluji

Pole na baridi. Huko Marekani mashine hizo zimezoea kufungwa kwa skrubu mbili kwenye ubao ulio chini ya kaunta. Ubao umeondoka, jiwe limekuja, na jiwe halipokei skrubu ya mbao. Tafuta vishikizo vya pembeni vinavyofungwa kwenye kuta za kabati kushoto na kulia. Mara nyingi huja na mashine, vikatupwa na boksi. Usikubali mtu atoboe jiwe kwa chini. Na mwenye nyumba akikushawishi kuhusu ukingo wa inchi mbili na nusu, mkumbushe kwamba mashine hiyo inataka uwazi wa inchi 34 na zaidi, na kaunta za huko huishia inchi 36.

*Shangazi, mimi ndiye fundi wa mawe. Wateja wananitumia picha ya jiko kwa WhatsApp wanasema “kata”. Likija jiko lenyewe ni jingine, lawama yangu. Unasemaje?* — Mpiga Greinda, Mwanza

Nasema usikate. Vipimo huchukuliwa kabati zikiwa zimeshasimama na kunyooka, sakafu ina vigae vyake vya mwisho, na jiko, sinki na oveni viko ndani ya nyumba, vimetoka kwenye maboksi. Vigae vinavyokuja baadaye vinakula sentimita moja na nusu ambayo kila mtu aliihesabu. Mteja mwenye haraka asaini nyuma ya hiyo picha.

Lakini nina neno na wewe pia, maana umejiita Mpiga Greinda kwa fahari. Kata kwa maji. Vumbi la granaiti lina silika, na mapafu hayapigwi polishi yakarudi. Yale mawe ya kutengenezwa kiwandani kwa kusaga kwatzi na kuigandisha kwa resini ni hatari zaidi. Australia iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024 baada ya vijana wa kazi hiyo kuugua. Kitambaa kilichofungwa puani si barakoa. Na yule kijana anayekushikia bamba, naye ana mapafu.

Aliyeuliza kama kaunta inaweza kukaliwa: si karibu na sinki wala jiko, hata ukiwa mwembamba.

Msomaji wa Tabata mwenye friji isiyofunguka sawasawa, nitakujibu toleo lijalo. Nitumie kipimo cha friji mlango ukiwa wazi. Picha yake nimeshaiona, ni nzuri.