Pythagoras wa Keko

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, baba hakugomba. Alinipeleka Keko, kwa fundi seremala, na mpaka leo sijajua kama ile ilikuwa huruma au hukumu. Mimi nilishukuru kimoyomoyo: angalau hesabu nimeachana nayo.

Mwanafunzi wa useremala hakabidhiwi randa siku anayofika. Hupewa fagio, halafu misumari iliyopinda ainyooshe, halafu msasa mpaka kucha ziishe. Maranda niliyofagia tuliyajaza kwenye viroba, wafuga kuku wakayanunua kutandika mabandani. Wateja hao ndio pekee ambao hawakuwahi kuambiwa "njoo kesho".

Siku tulipounga fremu ya mlango, fundi alipima futi tatu upande huu, nne upande ule, akasema, "Mshazari ukisoma tano, kona imekaa." Loo! Pythagoras yule yule wa darasani, kumbe yuko Keko ananisubiri na tepu mkononi.

Wateja wengi hawana habari naye. Huja na picha ya simu, wakasema, "Nataka hivi hivi." Mama mmoja aliagiza kabati la mninga, futi nane kwenda juu, mbili kwenda ndani, tena lisiwe la kufunguliwa vipande vipande, maana ya namna hiyo eti hulegea. Tulipima dari, ikatosha. Sisi tunapiga vanishi, yeye huku nyuma kaleta mafundi wa jipsamu, wakaishusha dari hadi futi nane na inchi mbili.

Kabati lilipita mlangoni limelala, bila hata mkwaruzo. Kusimama likagoma, kwa kuwa mshazari wake ulidai futi nane na inchi tatu.

"Fundi, si inchi mbili zinabaki juu?"

"Zinabaki, mama. Likishasimama."

Mama alitaka kabati likatwe. Fundi akagoma: mninga ule haukatwi kwa ajili ya jipsamu. Likalala sebuleni wiki nzima, watoto wakilikalia kutazama televisheni, shemeji mmoja akilisifu kuwa ni benchi zuri, mpaka jipsamu ikakatwa.

Kwa hiyo, ndugu mteja, ukija Keko njoo na vipimo vya mlango, vya ngazi na vya dari, dari utakayobaki nayo. Na malipo ya awali usiyasahau. Picha za simu tunazo tele.