Ng'ombe wa Ziwa Chala

Kati ya vijiji vyote vya kale vya Taita Taveta, kinachosumbua zaidi kukitembelea ni kile kilichozama. Wazee husimulia kwamba palipo Ziwa Chala palikuwa na boma la Wamaasai, ardhi ikapasuka, ikameza watu na mifugo, na ukitulia ukingoni utawasikia ng'ombe wakilia huko chini. Wanajiolojia wana yao: kasoko ya volkeno, maji yanayopenya chini kwa chini kutoka Kilimanjaro, kina cha zaidi ya mita 90. Shangazi hakutaka wanajiolojia. Alitaka ng'ombe.

Tulitoka Voi Jumamosi, siku ya soko Taveta, kwa hiyo kila abiria alikuwa amepakata kitu. Mimi nilipakata gunia la mtu aliyeshuka Mwatate na kulisahau. Baada ya Maktau tukasimama kupisha ndovu. "Na hawa pia wanakwenda sokoni?" Shangazi akauliza, na hakuna aliyethubutu kucheka kabla yake.

Taveta tukapanda bodaboda, mishikaki, mimi na gunia nyuma kabisa. Chala halionekani mpaka uparamie ukingo. Ghafla maji yako chini yako, ya kijani na buluu. Mpaka wa Kenya na Tanzania umepita katikati ya ziwa, na simu yangu ikachagua upande. "Karibu Tanzania," ikaniandikia, kisha ikagoma kutuma pesa.

"Bosi," akasema mwenye boda, "wewe uko Tanzania, mimi niko Kenya. Tutalipanaje?"

Nikazunguka vichakani nimeinua simu juu, nikiitafuta nchi yangu, huku Shangazi akininyamazisha: nilikuwa nawafukuza ng'ombe kwa kelele.

Mara, mbuuu!

Mwenye boda akapiga ishara ya msalaba. Nyuma yetu akatokea mtoto na fimbo, akimswaga ng'ombe mwekundu.

"Huyu wa nani?" nikamuuliza.

"Wa baba."

"Na baba yako anakaa wapi, mwanangu?" Shangazi akadakia.

Mtoto akanyoosha mkono kuteremka, upande ule ule wa ziwa.

Shangazi akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Tulirudi tumebanwa na mikungu ya ndizi, nayo matatu nzima ikasimuliwa. Kufikia Bura ng'ombe walikuwa saba. Kufikia Mwatate mmoja wao alikuwa na kengele, na mwenye gunia alikuwa stendi akidai nimemwibia.