Wavuvi Wanaokimbilia Mtoni Kuota Joto

Ndugu zangu wa nyumbani, mmeuliza kama ni kweli watu wa huku Minnesota huingia mtoni kuvua trauti Januari, hewa ikiwa nyuzijoto 20 chini ya sifuri. Ni kweli, na nawaomba msiseme wamerogwa. Friji ya kugandishia nyama huwekwa kwenye 18 chini ya sifuri, kwa hiyo siku kama hiyo mtu angeweza kujibanza humo na mbuzi wake akapata nafuu. Mvuvi amepata pazuri zaidi. Kusini mashariki mwa jimbo, bonde la mto Whitewater lina miamba ya chokaa, na maji ya chemchemi zake hutoka ardhini yakiwa na nyuzijoto 9 hivi, masika na kiangazi. Ndiyo maana vijito vinafuka mvuke wakati maziwa ya kaskazini yameganda hadi magari yanapita juu. Trauti, ambaye mwili wake hufuata joto la maji, huyajua hayo kabla ya mvuvi: hutulia kwenye vina vya maji yaendayo taratibu, akisubiri chakula kimfuate. Na chakula kipo. Usubi wa jamii ya Diamesa, ambao Leonard Ferrington wa Chuo Kikuu cha Minnesota amewachunguza, hutoka majini katikati ya baridi na kutembea juu ya theluji bila koti. Mvuvi huwaiga kwa uzi mweusi aliouzungushia ndoana ndogo kuliko punje ya mchele.

Mtasema maji ya nyuzijoto 9 nayo ni baridi. Sawa, lakini mvuvi huvaa suruali ya mpira inayofika kifuani na soksi nzito ndani yake; ilimradi asiteleze akalowa, maana hapo hakuna mjadala, ni kukimbilia gari. Balaa liko juu ya maji. Mshipi ukivutwa, matone yake huganda kwenye pete za ufito, ukakwama usiende mbele wala nyuma. Dawa ni kuuchovya ufito mtoni, yaani kuurudisha kwenye joto, au kuzipaka pete mafuta ya midomo huku midomo ya mwenyewe ikipasuka. Watu wa Nyeri ndio watakaobisha zaidi, kwani trauti walipandikizwa mto Gura tangu 1905, na huko maji ya Aberdare hugandisha miguu huku jua likichoma utosi. Huku mambo yamepinduka, basi.

Najua kitakachowauma watu wa Mwanza: samaki haendi nyumbani. Msimu huo sheria ya vijito hivi inataka kila trauti arudishwe, na mvuvi mwungwana hamtoi majini kabisa, kwani kwa baridi hiyo matamvua huweza kuganda upesi. Samaki anabaki kwenye joto, binadamu anabaki nje akitetemeka. Ni ubahili? Bonde hili liliwahi kulimwa na kulishwa mifugo hadi miteremko ikaporomoka. Mwaka 1938 kijiji cha Beaver kilifurikwa mara 28. Ilibidi ardhi inunuliwe na miti ipandwe ndipo maji yakatakata tena, na kitoweo kinaruhusiwa kwa kiasi siku za joto. Kwa hiyo akipatikana msafiri wa huku, msimpe tena soksi. Mpeni glavu.