Jenga, Halafu Bomoa

Wakubwa wa kijiweni hapa Tingi, Kilwa, wana fatwa yao: mchezo usiokula nusu ya siku ni wa watoto. Ndiyo maana drafti ya vizibo vya soda huanza baada ya chai na kuamuliwa karibu na alasiri, na bado aliyefungwa anadai alisumbuliwa na nzi.

Pembeni, chini ya mkorosho, wasichana wanacheza mdako. Kishimo kimoja, kokoto za bure. Jiwe linarushwa, kokoto zinakombwa nje. Linarushwa tena, zinarudishwa shimoni zote ila moja. Na kila mara lidakwe kabla halijagusa chini. Yote hayo yakiendelea, mzee wa drafti bado anafikiri asogeze kete ipi. Juzi walimkaribisha ajaribu. Mgongo, akasema. (Mgongo huohuo unaoinamia drafti saa nne nzima!)

Wenzetu wa Ulaya mchezo wa mkono mwepesi wanaununua dukani. Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki, mwaka 1983 alizindua London vipande 54 vya mbao akaviita Jenga, neno letu hilihili. Unachomoa kipande cha chini, unakipandisha juu, mpaka mnara uporomoke. Jina jenga, kazi kubomoa. Mafundi kadhaa niliowahi kuwalipa wanaujua mchezo huo vizuri sana, ila wao huchezea saruji yangu.

Haya mzee, zamu yako. Wasichana wamemaliza mizunguko sita, wameshakwenda kuteka maji.